Salamu Maria Moja, Kisha Inazima

Jumamosi saa nane mchana, saa ambayo kijiji kizima cha Tajy Karẽ hulala na mbwa huahirisha kubweka, Isabelino Duré aliingia kituo cha polisi na damu ya mtu kifuani na chupa ya maji ya barafu kwapani. Chupa ilikuwa ya Don Eladio Cabañas. Damu pia.

"Don Eladio yuko mtaroni, njia ya kijitoni," alisema. "Ndani ya pikapu yake. Amefia mikononi mwangu."

Komisario Ovelar, mkuu wa kituo, alifungua jicho moja bila kushusha buti zake mezani.

"Na hiyo chupa? Amekuachia urithi?"

Isabelino aliitazama chupa kama ndiyo kwanza aione. Ufukara una mikono yake yenyewe: mtu anamfumba mwenzake macho, anamsalia, na mkono umeshabeba chupa kabla kichwa hakijasema pole.

Wiki iliyopita tu, mbele ya duka, Don Eladio alikuwa amemfukuza kazi na kumfungulia mbwa, na Isabelino, suruali ikiwa vipande, alimwambia kwa sauti ambayo watu wote waliisikia: "Utafia mtaroni wewe." Komisario alilikumbuka neno hilo vizuri. Jua lilikuwa bado halijaanza kuinama na Isabelino yuko mahabusu, amepungukiwa meno mawili ya mbele.

Inspekta Nidia Achucarro hakuwepo meno yalipong'oka. Alikuwa mtaroni. Huyu mama alihamishiwa Tajy Karẽ kwa kosa la kumcheka mkubwa wake wa mjini mbele ya wageni, na tangu afike hakuonyesha dalili ya kujirekebisha.

Pikapu ilikuwa imeinamisha pua mtaroni, udongo mwekundu hadi kwenye taa. Don Eladio alikuwa amekaa nyuma ya usukani, kidevu kifuani. Inspekta alizunguka, akaangalia, akazunguka tena. Kioo cha mbele kilikuwa kizima. Usukani haukuwa na doa. Jeraha lilikuwa kisogoni, na ndani ya damu iliyoganda vilinata vipande vya majani makavu ya yerba, yale yanayonywewa kama chai, ilhali sakafu ya gari na viti havikuwa na jani hata moja.

"Ajali," alisema konstebo aliyefuatana naye.

"Ajali gani inampiga mtu kutoka nyuma? Mtaro ulimfukuza?"

Alipanda sehemu ya mizigo. Majani ya yerba yalitapakaa pale kama kawaida ya gari la mtu mwenye banda la kuyakausha. Aliyafagia kwa buti. Chini yake palikuwa na damu, nyingi kuliko iliyokuwa mbele. Basi marehemu alisafiri nyuma kama gunia, na aliyemleta ndiye aliyeshika usukani.

Ufunguo ulikuwa mahali pake. Aliuzungusha. Injini ikakamata mara moja, ikanguruma vizuri kabisa, halafu ikazima. Alirudia. Ikawaka, ikanguruma, ikazima.

"Petroli chafu," alisema konstebo.

"Wewe una jibu la kila kitu. Ndiyo maana hupandishwi cheo."

Jioni Inspekta aliingia mahabusu na kiti chake mwenyewe, akakaa mbele ya Isabelino.

"Nisimulie. Polepole, kwa meno uliyonayo."

"Nilikuwa natoka kutega samaki, afande. Nikaona pikapu. Nikasema moyoni, leo mzee amelewa. Kufika, nakuta anapumua."

"Alikuwa hai?"

"Hai, ila hasemi. Nikamsogeza pembeni, nikakaa kwenye usukani nimpeleke zahanati. Napiga stata, inawaka. Naingiza gia ya nyuma, inazima. Nawasha tena, inazima tena. Na yeye macho yote yako kwa Bikira."

"Bikira yupi?"

"Yule wa Caacupé, aliyesimama juu ya dashibodi. Anamkodolea, anainua kidole, kinaanguka. Nikajua anataka sala. Nikasali Salamu Maria, nikapiga stata. Kila nikimaliza Salamu Maria moja, gari linazima, kama limeagizwa. Ya ngapi sijui, akakata roho. Nikamrudisha mahali pake, nikamfumba macho."

"Ukabeba chupa."

"Nikabeba chupa," alikiri Isabelino, akainamisha kichwa. "Kulikuwa na joto, afande."

Komisario alikuwa amesimama mlangoni na pembe yake ya kunywea tereré, akifyonza maji baridi ya yerba kwa bomba la chuma.

"Umemsikia? Amemwibia maiti na anasali. Jumatatu asubuhi gari la mwendesha mashtaka linakuja kumchukua. Akishafika gereza kubwa, kesi yake itasubiri."

"Kesi husubiri," alisema Inspekta. "Watu ndio hawasubiri. Yule wa mwaka jana alirudi kwenye gunia."

"Basi niletee mwingine kabla ya Jumatatu. Au niache ninywe."

Jumapili asubuhi walimleta Chiquito Ocampos, fundi wa umeme wa magari. Chiquito maana yake kadogo, na bila shaka alikuwa kadogo siku alipopewa jina hilo. Sasa pikapu, iliyokuwa imeshavutwa kwa trekta hadi uani mwa kituo, ililalama alipoiegemea. Alikuwa amemtukana marehemu hadharani mara nyingi, na Jumamosi mchana, alisema, alikuwa amelala kwake.

"Nani amekuona?"

"Mke wangu."

"Alikuwa macho?"

"Nikikoroma nani atalala?"

Inspekta alimpa ufunguo. "Hebu niambie inaumwa nini."

Chiquito aliufungua ufunguo bila kupiga stata, akainua kidole kimya kiwepo. Kisha akapiga. Ikawaka, ikazima. Akafanya hivyo tena, kichwa kimeinamia upande wa tangi.

"Ingekuwa plagi, ingekohoa. Ingekuwa petroli yenye maji, ingetetemeka kwanza. Hii inakufa kwa adabu, kama bibi harusi anayezimia. Ukifungua ufunguo, pampu ya mafuta inapaswa kulia kule nyuma, mzzz. Umeisikia?"

"Sikusikia kitu."

"Ndiyo hivyo. Injini inakunywa tone lililobaki kwenye bomba, likiisha, kwaheri. Pampu ni nzima. Imenyimwa umeme."

"Na nani?"

Fundi akajikuna shingo. "Afande, unajua. Kila gari hapa lina swichi yake ya kuficha. Mwizi anawasha, anafurahi, anafika kona, linamzimikia mbele ya watu. Watu nao wanapata mazoezi. Ya hii niliifunga mimi, chini ya usukani."

Alipapasa chini ya usukani. Palikuwa na tundu tupu na waya uliofungwa utepe na mtu asiye fundi.

"Ameihamisha!" Chiquito alionekana kuumia kweli. "Nilipogeuka tu, mzee ameihamisha. Hakuniamini."

"Hakumwamini mtu yeyote, sembuse wewe. Fuata waya."

Waya ulipanda nyuma ya dashibodi, ukapita kwenye kitundu kilichotobolewa kwa msumari, ukaingia miguuni mwa Bikira wa Caacupé. Sanamu lilikuwa na urefu wa kiganja, joho la buluu limefifia kwa jua. Inspekta alilikandamiza kwa kidole. Bikira alizama kidogo, akasema tik, na kule nyuma pampu ikalia mzzz.

Injini ilipowaka safari hii, haikuzima. Walisimama wakiisikiliza. Inspekta alimtazama Bikira. Aliona kidole cha mzee kikiinuka na kuanguka, na Isabelino akisali kwa bidii, na swichi ikiwa hapo, umbali wa mkono. Don Eladio alikuwa akionyesha dawa yake. Mwenzake akadhani anaonyesha mbinguni.

"Aliuawa mara mbili," alisema mwishowe. "Mara ya pili na ubahili wake mwenyewe."

Akamkandamiza Bikira tena. Tik. Akamgeukia Chiquito.

"Neno hili likitoka kinywani mwako kabla sijakuruhusu, nitamwambia mkeo ulikokuwa Alhamisi."

"Nilikuwa wapi?"

"Sijui. Lakini ataniamini mimi."

Komisario aliposikia habari ya swichi alicheka. "Marehemu mwenyewe aliizima."

"Akiwa amelala nyuma juu ya majani, kisogo kiko wazi?"

"Basi Isabelino."

"Isabelino angeijua swichi, asingebaki kusali. Aliyeizima ni aliyeliegesha, Komisario. Amemweka mtu kwenye usukani, amelisukumia gari mtaroni, anatoroka, na kabla ya kutoroka anazima swichi lisiibwe. Kwa nini?"

"Mjinga."

"Hapana. Mazoea. Kichwa chake kilikuwa kinakimbia, mkono ukabaki nyuma kufunga mlango. Natafuta mtu aliyekwisha kuliendesha hilo gari mara nyingi."

"Eladio hakumwachia mtu gari lake. Hata mkewe."

"Nimeambiwa. Na ndiyo maana nitaanza kwa mkewe."

Ña Crispina, mjane, alikuwa ameketi barazani akikanda unga wa chipa, vimkate vya matanga. Jeneza lilikuwa sebuleni, kuzikwa ni saa kumi. Hakuwa akilia, na hakujisumbua kuigiza.

"Pole na msiba, Ña Crispina."

"Msiba uliniingia siku ya harusi, binti yangu. Huu ni mwisho wake."

"Ulijua anavyomgusa Bikira wa kwenye gari?"

"Kila akipanda, kila akishuka. Mimi nikasema hee, uzee huu, jiwe limepata imani. Mtu aliyeniacha nitembee na jino linaniuma hadi zahanati ili asichafue kiti."

"Jumamosi alilala baada ya chakula?"

Mikono ya mjane ilisita ndani ya unga. "Hapo ndipo. Ilikuwa mwezi mzima ananikaba: Crispina, mbona boneti ni ya moto nikiamka? Nani kalitumia? Namwambia ni jua. Anasema, kivulini kuna jua gani? Jumamosi akachukua mto wake akasema leo analala bandani, kwenye yerba, na jicho moja."

"Funguo alikuwa akiweka wapi?"

"Msumarini, juu ya bembea yake ya kulalia. Akilala yule, unaweza kumvua meno."

"Nani huingia humu mchana mmelala?"

"Nani aingie? Labda Virgilio, jirani. Ni kompadre wetu, tulimsimamia mwanawe ubatizo. Mbwa wamemzoea."

Virgilio Samaniego alikuwa upande wa pili wa ua, nje ya kivuli, kwa kuwa ndani walikuwa wakisali rozari na yeye alikuwa ameokoka. Siku hizi aliitwa Ndugu Virgilio. Alikuwa ameacha pombe, kamari na watakatifu, na alikuwa mzee wa kanisa lake. Alikuwa akilia tangu asubuhi, na alilia vizuri.

Inspekta alikaa naye, akamimina maji ya barafu kwenye pembe ya tereré, akampa.

"Kompadre wako alikuwa mtu mgumu, Ndugu Virgilio."

"Jabali. Lakini nilimpenda."

"Alikuwa akikupa lifti?"

"Mimi?" Virgilio alifyonza, akarudisha pembe. "Sijawahi kukanyaga ndani ya gari lile, afande. Nilimwambia, kompadre, ondoa kwanza hilo sanamu. Kitu chenyewe hakijashika vizuri, kinacheza-cheza hapo kama jino bovu, utakikabidhije roho yako? Alinicheka."

"Alikuwa na kicheko kibaya."

"Kibaya sana," alisema Virgilio, na kwa mara ya kwanza machozi yalikatika. Inspekta alipommiminia tena, alitikisa kichwa. "Asante."

Na huko, ukirudisha pembe kwa asante, umesema umetosheka na hutaki nyingine. Mazungumzo yalikwisha. Lakini Inspekta aliondoka akiwa ameshiba. Hata konstebo, aliyelivuta gari lile na kulilinda usiku kucha, hakujua kwamba Bikira anacheza. Ili umjue hivyo, lazima umguse.

Kujua si kuthibitisha. Komisario angesema Virgilio alimwona dirishani. Na Jumatatu ilikuwa kesho.

Saa tisa na nusu Inspekta alileta pikapu mlangoni pa msiba, yeye mwenyewe akiiendesha, na alipoizima alimgusa Bikira kama muumini mwingine yeyote. Alimwambia mjane kwamba ni heshima mume azikwe kwa gari lake. Mjane alimtazama, akaona kitu, akakubali. Jeneza likapakiwa nyuma.

Chiquito ndiye aliyekaa kwenye usukani kwanza, kama walivyokubaliana. Akawasha, akasogea hatua chache, gari likazima. Jeneza likateleza, likagonga bodi, du. Watu wakaguna. Akawasha tena. Du. Konstebo naye akajaribu, bila kujua lolote, kwa moyo wake wote. Du. Kina mama wakavuruga rozari. Jua lilikuwa linawaka, jeneza lilikuwa la mbao nyepesi, na marehemu alikuwa na siku ya pili. Nzi walikuwa wa kwanza kutoa rambirambi.

"Hata akiwa maiti hataki kwenda mbele," alisema mzee mmoja.

"Ni pampu, inataka mguu laini," alipaza sauti Chiquito, akijipangusa jasho. "Mimi mguu wangu ni huu mnaouona."

Inspekta alivuka ua hadi alipokuwa Virgilio, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia.

"Ndugu Virgilio, kompadre wako anaoka. Na wewe umesimama?"

"Mimi sijui lile gari."

"Klachi ni klachi. Au kompadre wa mlokole anazikwa na mapolisi?"

Watu wote walikuwa wakimtazama. Alipanda.

Inspekta alisimama kwenye dirisha lake na hakumpa nafasi ya kupumua. "Taratibu, jeneza halijafungwa. Tazama kioo, Ña Crispina yuko nyuma yako. Klachi nusu. Nusu, nimesema! Usije ukamwangusha mbele ya mkewe. Kuna shimo kushoto, unaliona? Liangalie shimo."

Virgilio alikuwa akiangalia shimo, kioo na klachi, uso umelowa. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye usukani. Wa kulia ulizungusha ufunguo, na wakati injini ikikamata, ukapanda wenyewe, bila haraka, kama mkono wa mtu anayetafuta miwani gizani, ukamgusa Bikira. Tik. Ukashuka kwenye gia.

Gari liliondoka kama limetiwa mafuta ya sikukuu. Halikuzima kwenye shimo, halikuzima kwenye kilima. Waombolezaji walilifuata kwa nyimbo hadi makaburini, na Inspekta alitembea kando ya dirisha njia nzima. Chini ya msonobari Virgilio aliegesha, akazima, na mkono ukapanda tena. Tik.

"Chiquito," alisema Inspekta. "Washa."

Chiquito aliingiza mkono dirishani, akawasha. Injini ikanguruma.

"Mama zangu," Inspekta aliwageukia kina mama, "nisalieni Salamu Maria moja."

Walisali, wakidhani ni ya marehemu. Walipofika "Amina", injini ilizima. Komisario Ovelar, aliyekuwa akijipepea kwa kofia, aliacha kujipepea.

"Ndugu Virgilio," alisema Inspekta, "umeanza lini kumwomba Bikira?"

"Sijamgusa."

"Umemgusa mara mbili. Watu wote wamekuona, na Chiquito amehesabu tik zake. Fundi aliyeifunga hiyo swichi hakujua ilikohamia. Mke wa marehemu alidhani ni imani. Isabelino aliikalia pembeni na mtu anamfia, hakuijua. Mkono wako unaijua kuliko unavyoijua Biblia."

Virgilio aliutazama mkono wake wa kulia, uliolala juu ya paja, kama anayetazama mtoto aliyemsaliti.

"Nilimwona akimgusa," alisema polepole. "Mtu asiyejua hata Baba Yetu. Nikajiuliza, anamgusia nini?"

"Ukawa unachukua ufunguo msumarini wamelala, unampakia yerba yake kwenye gari lake, unavusha kijito kwenda kuuza."

"Magunia mawili, matatu. Hakuyahitaji. Jumamosi ndiyo nilikuwa naanza kupakia, nikasikia kicheko. Alikuwa amelala kwenye majani muda wote ananitazama. Akasema hataniitia polisi. Kila Jumapili nitasimama mlangoni pa kanisa langu na gunia kichwani, kila anayeingia aulize la nini, na mimi nijibu. Akageuka kufungua mlango wa banda, bado anacheka. Mti wa kugeuzia majani ulikuwa mkononi."

"Ulimwacha anapumua."

"Nilijua atakwisha."

"Angefika zahanati, Virgilio. Isabelino alikuwa ameshika usukani. Kumuua kwa mti hukumudu. Ulimuua kwa kidole."

Ña Crispina alisogea hadi dirishani. Watu walidhani atampiga. Alimtazama kompadre wake, akasema, "Na boneti ya moto nilipigiwa mimi, mwezi mzima," akarudi mahali pake.

Ndipo watu walipoamka. Polisi walimtoa Virgilio kupitia dirisha la pili, wakakimbia naye katikati ya makaburi, na umati mzima nyuma yao, rozari kwa rozari na jiwe kwa jiwe. Don Eladio alibaki peke yake juani, ndani ya gari ambalo sasa hakuna aliyetaka kuligusa.

Jioni walimfungulia Isabelino. Alitoka akipepesa macho, kitambaa mdomoni. Komisario Ovelar alikuwa ameketi barazani na chupa ya Don Eladio, kielelezo ambacho hakikuhitajika tena. Alimimina maji ya barafu juu ya yerba mpya, akainyoosha pembe mbele yake, na alipoona hapokei, akainyoosha zaidi.

"Kazi ni kazi, kaka," alisema. "Mtu hukosea. Kunywa, kuna joto."

Inspekta Nidia, aliyekuwa mlangoni, alimwona Isabelino akiitazama pembe, kisha chupa, kisha ule mkono wa Komisario. Mikono ya Isabelino mwenyewe ilibaki nyuma ya mgongo, imeshikana.

"Asante," alisema Isabelino, akashuka ngazi.